Goti la mama limesagika: asafishwe kwa kamera?

Dada, umesema mama ana miaka 62, gegedu (utando laini unaofunika ncha za mifupa ya goti) limesagika, na ameshauriwa asafishwe goti kwa kamera kupitia matundu madogo. Kama shida ni maumivu ya kusagika peke yake, msikubali haraka. Huko Houston, Marekani, wagonjwa 180 waligawanywa: wengine walisafishwa goti kweli, wengine walichanwa ngozi tu. Matokeo yalitolewa 2002: baada ya miaka miwili nafuu ilikuwa ileile. Maji ya kusafishia goti huondoa vipande vilivyolegea, lakini gegedu lililokwisha halirudi. Kama goti linakwama kabisa kwa sababu kipande kimeziba, hapo upasuaji una maana.

Kinachosaidia zaidi ni kuimarisha paja na kupunguza uzito. Kila kilo inayopungua huliondolea goti mzigo wa karibu kilo 4 kila hatua.

Akifanyiwa upasuaji huo, mara nyingi hurudi nyumbani siku hiyohiyo na hutumia magongo siku chache. Barafu ifungwe kitambaa, dakika 15 hadi 20. Jamani, msimwekee mto chini ya goti! Likizoea kukunjika, kulinyoosha huwa taabu; mto ukae chini ya kisigino. Akiwa amenyoosha mguu, akaze msuli wa paja sekunde 5, mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Uvimbe unaweza kukaa wiki kadhaa. Lakini kigimbi kikivimba na kuuma, akipata homa, au kidonda kikitoa usaha, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Pumzi ikibana, msisubiri hata saa moja.