Chonga Si Mweusi: Majibu kwa Wanaochora Wadudu kwa Rangi za Maji

Shikamoo Mwalimu. Nimemchora chonga, yule mdudu mwenye pembe anayetoboa minazi, mara nne sasa, na kila mara anatoka mweusi ti, kama kipande cha mkaa kilichoangukia karatasi. Natumia rangi nyeusi ya tyubu. Chonga mwenyewe ninaye, nimemtoa kwenye mnazi wa bibi yangu. Nakosea wapi?
*Kijana wa Makunduchi, Unguja*

Marahaba mwanangu. Kosa ni hiyo tyubu nyeusi. Ifunge uiweke mbali. Kisha mchukue chonga wako umpeleke dirishani, mwanga utoke kushoto kwa juu, umlaze kwenye karatasi nyeupe, ukae naye robo saa bila kushika brashi.

Naandika haya na mimi nikiwa na wangu mezani. Ni dume, sentimita nne na kidogo, pembe yake imepinda kurudi nyuma. Mgongoni ana mstari mweupe kabisa: hilo ni dirisha langu, linaonekana kwenye gamba kama kwenye kioo. Kando ya mstari huo rangi ni samawati iliyofifia, maana gamba linaakisi mbingu. Nikishuka ubavuni naingia kwenye kahawia nzito kama kahawa ya mdukani, na chini kabisa, karibu na karatasi, pana wekundu wa tende. Nikimgeuza, tumboni ana nywele za rangi ya makumbi. Weusi wa kweli nauona sehemu mbili tu: kwenye mfereji kati ya magamba mawili yanayofunika mbawa, na kwenye ufa mwembamba pale kifua kinapokutana na magamba hayo. Basi. Wewe ulikuwa unapaka jina lake, "mdudu mweusi", badala ya kumpaka yeye.

Sasa kazi yenyewe. Mpime kwa bikari: urefu wote, upana wa kifua, upana wa magamba pale yalipotanuka zaidi. Zidisha kila kipimo mara mbili, na chini ya mchoro piga mstari mfupi unaoonyesha milimita 10 ni kiasi gani kwenye picha yako, ili mtu mwingine ajue ukubwa wake halisi. Chora mstari wa katikati, kisha nusu moja tu ya mwili kwa penseli ngumu, H au 2H. Nusu ya pili ihamishe kwa karatasi ya kuonyeshea, ile nyembamba ya kunakilia: nakili nusu ya kwanza, kisha igeuze. Jicho likiachiwa nusu zote mbili huwa linapendelea upande mmoja.

Weusi utengeneze mwenyewe: buluu ya altramarini na kahawia ya siena iliyochomwa. Ukizidisha buluu unapata kivuli cha baridi kinachofaa mgongoni, ukizidisha kahawia unapata ule wekundu wa ubavuni. Tabaka la kwanza liwe jepesi kama maji uliyooshea brashi, na pale penye mstari wa dirisha usiguse kabisa. Kwenye rangi za maji, nyeupe ni karatasi yenyewe. Ukiifunika, hairudi ilivyokuwa. Ngoja likauke. Namna ya kujua: weka mgongo wa kiganja kwenye karatasi. Ikiwa ya baridi, bado ina maji hata kama inaonekana kavu, na tabaka la pili litaing'oa ya kwanza na kuacha madoa. Ikiwa na joto la chumba, endelea. Huku kwetu Tanga, kaskazi ikivuma nasubiri dakika chache tu. Masika yakiingia napaka tabaka moja asubuhi na la pili baada ya adhuhuri, na siharakishi. Chonga wangu wa mwisho alichukua matabaka saba.

Umesema umemchora mara nne. Hizo karatasi nne usizitupe, utataka kuziona baadaye. Na ukiweza, pembeni mwake chora ncha ya kuti la mnazi huo wa bibi. Chonga hutoboa moyo wa mnazi wakati makuti bado yamekunjwa, ndiyo maana yakifunguka yanaonekana yamekatwa kama kwa mkasi. Bibi yako ataitambua picha hiyo kabla hajamwona mdudu.

Mwalimu, mimi ni bwana shamba. Siku hizi kila mkulima ana simu yenye kamera. Kuna sababu gani ya kukaa siku tatu unachora mdudu mmoja?
*Msomaji, Morogoro*

Ndugu yangu, picha ya simu inakuonyesha mdudu mmoja, wa siku ile, kwa mwanga ule, mguu mmoja umejificha na kipapasio kimevunjika. Mchoro unakuonyesha aina nzima. Mimi nikichora naweka mbele yangu wadudu watano au sita, nachukua mguu mzima kwa huyu na kipapasio kizima kwa yule, kisha namweka dume mwenye pembe ndefu kando ya jike mwenye kijipembe kifupi, wote kwa kipimo kimoja, kila sehemu ikionekana wazi kuanzia kichwa hadi mkia. Mkulima akitazama anajua atafute nini.

Lakini mchoro una faida hiyo ukiwa sahihi tu. Miaka yangu ya mwanzo nilipeleka panzi kwenye ofisi moja ya utafiti. Nilikuwa nimempaka siku tatu, kijani chake kilinipendeza mno. Mtaalamu aliiangalia kwa muda, akachukua penseli, akaigusisha pale miguu ya nyuma ilipoanzia. Nilikuwa nimeiotesha tumboni. Miguu yote sita ya mdudu hutoka kifuani, na mbawa vilevile. Picha ilirudi nami nyumbani kwenye basi, na niliumia kweli. Tangu hapo nahesabu kwa sauti kabla ya kuchovya brashi: miguu sita, pingili tano za unyayo wa chonga, vijani vitatu vya mwisho wa kipapasio chake vinavyofunguka kama kipepeo cha kupepea moto. Watu wa nyumbani wameshazoea.

Shikamoo Mwalimu. Napenda sana vipepeo lakini moyo wangu hauniruhusu kuwaua. Nikipiga picha kwa simu nikachora kutoka humo, ni sawa?
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Lushoto*

Marahaba binti yangu. Huruma hiyo usiiache, itakufanya uangalie vizuri zaidi. Picha ya simu itumie kukumbuka mkao wa mdudu, si vipimo wala rangi. Ukimsogelea sana, simu hukuza kilicho karibu na kupunguza kilicho mbali, na vivuli huving'arisha ipendavyo yenyewe.

Nina njia nyingine kwako. Nenda kwenye mndimu au mchungwa wowote, ugeuze majani machanga. Utaona kitu kama kinyesi cha ndege, hudhurungi chenye baka jeupe. Kiguse taratibu. Kikitoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, na harufu kali, umempata kiwavi wa kipepeo wa michungwa, *Papilio demodocus*. Kata kitawi alichokalia, umweke nacho kwenye chupa pana iliyofunikwa kitambaa cha chandarua, majani mabichi kila siku. Akikua atavua sura ya kinyesi na kuwa kijani, kisha atajifunga kwenye kitawi awe bundo. Mchore kila siku saa ileile, hata kama ni dakika kumi tu. Siku atakapotoka, mbawa zake zitakuwa zimekunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa, na utakuwa na muda wa kutosha kumchora zikinyooka: nyeusi zenye mabaka ya manjano, na zile za nyuma zina doa la jicho lenye buluu na wekundu. Hapo anza na manjano, nyeusi ije mwisho, kwa kuwa manjano hayapandi juu ya nyeusi. Kisha mfungulie aende zake.

Njia hii ni ya zamani. Maria Sibylla Merian, aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1647, alianza kufuga viwavi vya hariri akiwa na miaka 13, wakati watu wengi bado waliamini wadudu huzaliwa na tope. Mwaka 1699, mwanamke wa miaka 52, alipanda meli Amsterdam na binti yake kwenda Suriname kuchora wadudu. Alirudi 1701 akiwa mgonjwa, na mwaka 1705 akachapisha kitabu chenye picha 60. Humo utaona kiwavi, bundo na kipepeo pamoja kwenye mmea anaoula. Mimi nilipoziona picha hizo mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Na wewe mchore kipepeo wako juu ya mndimu, usimwache peke yake hewani.

Mwanangu wa miaka tisa ameanza kuchora wadudu. Nimnunulie brashi gani? Halafu sisimizi wamemla nondo aliyemkausha, amelia siku nzima.
*Mama Mwanaisha, Mombasa*

Pole sana, mpe pole na yeye. Mama, mnunulie brashi moja tu ya duara, nambari 4. Mwambie muuzaji akuruhusu uichovye majini na kuikung'uta: ikijirudi kuwa na ncha moja kama sindano, inafaa hata kwa nywele za mguu wa nzi. Karatasi iwe nzito, gramu 300 kwa mita ya mraba, nyororo. Ile ya printa hujikunja na kunywa rangi.

Kuhusu sisimizi, fanya kama wazee walivyofanya kwa kabati la chakula: kila mguu wa meza usimame ndani ya kopo la maji yenye mafuta ya taa kidogo, na meza isiguse ukuta. Mdudu awe kwenye kopo lenye kifuniko, pamoja na mchele mkavu uliokaangwa bila mafuta na kupozwa, unyevu wa pwani usimwoteshe ukungu. Chini yake mtoto aandike kwa penseli mahali alipompata, tarehe, na mti au taa aliyomkuta nayo. Wino ukipata unyevu husambaa.