Slaidi iliyopauka hairudishiwi rangi kwa kuoshwa

Swali: Shikamoo mtaalamu. Marehemu baba alisoma Ujerumani, na aliporejea Dar es Salaam mwaka 1971 alikuja na masanduku ya slaidi za rangi, zile picha ndogo za filamu za kumulikwa kwa projekta, kisha akaendelea kupiga nyingine hapa nyumbani: harusi, sikukuu za Idi, matembezi ya Oyster Bay. Tulipoyafungua mwaka huu tulikuta nyingi zimegeuka nyekundu na baadhi zina madoa kama utando wa buibui. Fundi mmoja mjini anasema anayo dawa ya kuziosha ili rangi irudi, na tayari ameziosha chache kwa majaribio. Je, tumpe zilizobaki? (Msomaji, Upanga)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usimpe hata moja, na hizo alizokwisha kuziosha zichukue mapema iwezekanavyo, pamoja na fremu zake kama alizitoa, kwa sababu maandishi ya kwenye fremu ni sehemu ya kumbukumbu. Swali hili huletwa kwangu mara kwa mara, na karibu kila mara huletwa baada ya dawa kutumika, wakati ambapo lililobaki kwangu ni kueleza kwa nini picha haipo tena.

Kosa linaloharibu urithi wa familia nyingi kuliko mchwa na mafuriko ni kudhani kwamba kupauka ni uchafu. Slaidi ya rangi ina matabaka matatu ya jelatini, utando laini unaoshika rangi, yaliyolaliana juu ya plastiki, moja lenye samawati, la pili majenta (wekundu wa kuelekea zambarau), na la tatu njano. Rangi hizo ni kemikali, na kemikali hizo huvunjika polepole hata zikiwa gizani ndani ya sanduku lililofungwa, na huvunjika kwa kasi zaidi panapokuwa na joto na unyevu. Katika filamu nyingi za miaka ile, samawati ndiyo hutangulia kuondoka, na picha ikabaki na majenta na njano, ambazo kwa pamoja hutoa wekundu. Wekundu unaouona, kwa hiyo, haukupakwa juu ya picha hata useme utasuguliwa utoke. Ndicho kilichobaki baada ya rangi nyingine kutoweka. Kanga iliyochuja haikolei tena kwa kufuliwa, na slaidi ni vivyo hivyo.

Chukua slaidi mojawapo ya harusi uielekeze dirishani. Bila shaka utaona kwamba suti nyeusi ya bwana harusi sasa ni ya rangi ya damu ya mzee, huku shela la bibi harusi likiwa limebadilika kidogo tu. Weusi ulitengenezwa na rangi zote tatu kwa wingi, hivyo moja ikipungua pengo huonekana hapo kwanza, ilhali sehemu nyeupe hazikuwa na rangi ya kupoteza. Ingekuwa uchafu, ungetanda kote kwa usawa.

Nadhani najua imani hii ilikotoka. Mafundi wa zamani wa studio walijua kwamba negativu ya nyeusi na nyeupe iliyofifia inaweza kuongezewa nguvu kwa dawa, na ni kweli, kwa kuwa picha ile imeundwa kwa chembe za madini ya fedha ambazo dawa hupata pa kushika. Katika slaidi ya rangi, fedha yote huondolewa siku ile ile filamu inaposafishwa maabara, na rangi peke yake ndiyo hubaki. Molekuli ya rangi ikishavunjika, hakuna alama inayoachwa ya kuielekeza dawa irudi ilipokuwa. Anayekuambia kuwa anayo dawa ya namna hiyo, ama hajui slaidi ni kitu gani, ama anajua na anakudanganya, na kwangu mimi matokeo ni yale yale.

Wala uoshaji huo si wa kupoteza pesa tu. Huo utando unaousema ni kuvu, na kuvu hula jelatini. Mahali ilipopita, jelatini hulainika kiasi cha kuyeyuka katika maji, kwa hiyo fundi akiichovya slaidi, kinachotoka pamoja na kuvu ni uso wa mtu. Hata slaidi isiyo na kuvu hudhurika, kwa kuwa maji yanaweza kuondoa dawa ya mwisho iliyowekwa na maabara kwa ajili ya kuimarisha rangi. Ukiinamisha slaidi chini ya taa, utaona upande mmoja unang'aa na mwingine umefifia. Upande uliofifia ndio wenye picha, nao usiguswe kwa kidole, pamba wala spiriti ya dukani. Vumbi liondolewe kwa pampu ndogo ya mpira ya kupulizia hewa, basi.

Soma pia jina lililochapwa kwenye fremu. Ikiwa ni Kodachrome, filamu iliyoingia sokoni mwaka 1935, yaelekea rangi zake bado ni nzuri, kwani hustahimili giza kuliko nyingi, ingawa taa ya projekta huzichosha upesi. Ektachrome, aina nyingine ya filamu ya slaidi, za kabla ya katikati ya miaka ya 1970 ni dhaifu zaidi, nazo zishughulikiwe kwanza. Projekta usiiwashe kwa slaidi zozote, hata kwa kuwaonyesha wajukuu mara moja.

Kazi halali ya kurudisha rangi hufanyika kwenye nakala. Slaidi huskaniwa kwa skana ya filamu, kwa nukta 4000 hivi kwa kila inchi, na kuhifadhiwa kama faili la TIFF, lisilopunguza chochote cha picha, la biti 16 kwa kila rangi. Picha moja huwa na zaidi ya megabaiti 100, na wateja hulalamika, lakini sababu ipo: rangi iliyofifia imebaki katika kipande chembamba cha vipimo, na mtengenezaji anapokitanua ili kifikie upana wake wa awali, faili dogo la JPEG, lililobanwa kama picha za simu, hupasuka kuwa mistari na mabaka. Kila rangi hurekebishwa peke yake, tena sehemu za giza tofauti na sehemu za mwanga. Pale ambapo samawati imepungua, kazi hii hufanikiwa kwa namna inayowatoa watu machozi. Pale ilipokwisha kabisa, hakuna cha kutanua, na mtu mwaminifu atakuambia hivyo. Kumbuka pia kwamba ile njia ya skana ya kufuta vumbi kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, haifai kwa Kodachrome, maana huweza kulichukulia umbo la picha kuwa ni vumbi na kulifuta.

Hapa ndipo ninapoudhiwa na kundi la pili, wanaopiga slaidi picha kwa simu kisha kuipitisha katika programu inayopaka rangi yenyewe. Programu hiyo hukisia. Nimeona gauni la zambarau likifanywa buluu, na bibi mweusi akirudishwa kwa wajukuu akiwa maji ya kunde, na familia ikapokea kwa furaha kwa sababu picha inang'aa. Kizazi kijacho hakitakuwa na njia ya kujua kwamba rangi zile zilibuniwa, hasa ikiwa slaidi yenyewe imetupwa kwa kisingizio kwamba "iko kwenye flashi".

Kuhusu uhifadhi, hali ya hewa ya Dar es Salaam si rafiki. Filamu hupenda unyevu wa asilimia 30 hadi 50, na kuvu hustawi ukipita asilimia 65, kiwango ambacho hewa yetu hukipita mara nyingi, masika hasa. Ziweke slaidi katika mifuko ya polipropilini, kamwe si ya PVC yenye harufu kali ya plastiki, ndani ya boksi lisilopitisha hewa lenye silika jeli, yaani chembe za kunyonya unyevu, ambayo uikaushe kila ibadilikapo rangi. Boksi likae chumba chenye baridi zaidi nyumbani, mbali na ukuta wa nje na mbali na dawa ya nondo. Friji siipendekezi kwa nyumba nyingi, kwani umeme ukikatika na kurudi, mvuke huganda juu ya slaidi zisizofungwa vizuri. Zenye kuvu zitengwe na nzima tangu leo.

Na yeyote utakayempelekea kazi, awe fundi wa Kariakoo au ofisi yenye kiyoyozi, mpe kwanza slaidi moja isiyo na thamani kubwa, umtake akurejeshee slaidi yenyewe, faili la TIFF ambalo halijarekebishwa, na lile lililorekebishwa, yote matatu. Akikuambia faili la kwanza halina haja, au kwamba slaidi atabaki nayo, chukua boksi lako uondoke.