Binti yangu hapimi nia

SWALI: Mdogo wa binti yangu alivunja sahani tatu akisaidia kuosha vyombo. Kaka yao alivunja moja kwa kuirusha makusudi. Binti yangu wa miaka mitano anasema mwenye makosa zaidi ni yule wa sahani tatu! Dhamiri hutoka wapi? – Mama Asha, Tanga

JIBU: Mama Asha, binti yako anahesabu hasara, na kwa umri wake ni kawaida. Mwaka 1932 mwanasaikolojia Jean Piaget wa Uswisi alieleza visa alivyowapa watoto: mmoja kavunja vikombe 15 kwa bahati mbaya, mwingine kimoja akidokoa jamu. Wadogo wengi walimlaumu wa 15.

Je, tunazaliwa na dhamiri? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wa 2007 ulidai watoto wa miezi 6 na 10 humpenda anayemsaidia mwenzake kuliko anayemzuia. Maabara nyingi ziliporudia jaribio hilo, matokeo ya 2024 hayakuonyesha hivyo. Huruma, hata hivyo, huonekana mapema: wengi, kabla ya kutimiza miaka miwili, hujaribu kumbembeleza anayelia.

Huruma hiyo ndiyo ya kukuza. Subiri kilio kiishe, chuchumaa mtazamane, kisha muulize binti yako, “Mdogo wako alitaka kufanya nini? Na kaka?” Mwache ajibu mwenyewe. Aliyerusha afagie vigae, wewe ukiokota vikali. Sentensi mbili tatu zinatosha. Hotuba ndefu haimwingii. Fimbo, kwa maoni yetu, inaharibu: mtoto hubaki kuogopa maumivu yake, akasahau ya mwenzake.