Wanafunzi 45, kipindi dakika 40: nimfikie yupi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nafundisha hesabu sekondari ya serikali, nina mikondo minne na kila mkondo una wanafunzi kama 45 hivi. Mkuu wetu wa shule katoka semina, saivi anataka tufundishe kwa kumfuata mtoto mmoja mmoja na kila mwanafunzi awe na mpango wake wa maandishi. Mwalimu, hao ni watoto 180! Nimeanza kuandika usiku, nimefika wa 30 nimechoka kabisa, na darasani sijaona kilichobadilika, silabasi nayo inanikimbiza. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwalimu mwenzangu, na pole sana. Dakika 40 ukizigawa kwa watoto 45 haifiki hata dakika moja kwa mtoto, na hapo hujafuta ubao wala hujatuliza kelele za nyuma, kwa hiyo ondoa kwanza hilo wazo kwamba we ndo umeshindwa kazi. Hata Benjamin Bloom, yule mtaalamu wa elimu wa Marekani, mwaka 1984 aliandika kwamba mwanafunzi wa kawaida akifundishwa na mwalimu wake peke yake anawapita kama asilimia 98 ya wanaokaa darasa la kawaida (tafiti za baadae zimeonyesha faida ipo ila ni ndogo kuliko hiyo), na swali lililomsumbua ni hilohilo lako, utaipataje faida hiyo kwenye darasa zima wakati huwezi kumpa kila mtoto mwalimu wake.

Hiyo mipango 180 mi naona uongee na mkuu wako kwa heshima lakini bila kuogopa. Marekani kuna sheria tangu 1975 inayotaka mpango wa maandishi wa mtoto mmoja mmoja, lakini ni kwa wanafunzi wenye ulemavu wanaohitaji elimu maalumu, na hauandikwi na mwalimu mmoja usiku, inakaa timu, mzazi yumo, na unapitiwa angalau mara moja kwa mwaka. Mwambie utaandika mpango kwa wale wachache wenye shida inayohitaji msaada wa kudumu, na hao wengine utawafuata kwa njia nyingine.

Njia yenyewe ni hii. Dakika tano za mwisho wape swali moja tu kwenye kipande cha karatasi, tuseme x + 7 = 3. Kisha soma walivyofika kwenye jibu, usiishie kwenye tiki na mkasi. Mmoja kaandika 10, huyo kaihamisha saba bila kubadili alama. Mwingine kaandika 4, huyo njia anaijua ila namba hasi zinamtisha, anaona kutoa lazima kubaki na kitu. Wa tatu karudisha karatasi nyeupe, na ukimwita pembeni ukamuuliza taratibu unakuta haoni ubaoni tangu muhula uanze na hajamwambia mtu. Wote watatu ukisahihisha kawaida wanapata sifuri, na sote tumezoea kuwarudishia somo zima upya, ambalo kwa kweli halimsaidii hata mmoja wao, kwa sababu wa kwanza anataka mfano mmoja, wa pili anataka arudishwe kwenye mstari wa namba, wa tatu anataka kiti cha mbele na macho yapimwe.

Karatasi hizo usizipe maksi, zipange tu mafungu matatu, waliopata, waliokosea njiani, na wasioanza. Haichukui muda. Kesho yake fungu la tatu wakae na wewe dakika kumi wakati wengine wana kazi ya kufanya. Na usianze na mikondo yote minne, anza na mmoja, mada moja, uone. Silabasi utachelewa kidogo mwanzoni, hilo nakubali, lakini mada ambayo nusu ya darasa haikuielewa si bado unadaiwa tu?

Kitu kimoja nakusihi, mafungu yavunje kila wiki. Ukiyaacha yakakaa muhula mzima watoto wanayapa majina, na jina likishamganda mtoto kulibandua ni kazi. Soma barua inayofuata.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni mwanafunzi, darasani tumegawanywa makundi na mi niko la wanaochelewa tangu muhula uanze. Wenzangu wananicheka na saivi hata kuuliza swali naogopa. Nimwambie mwalimu anitoe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hicho kicheko kinauma, najua, na hustahili. Ila usianze na kuomba kutolewa, maana ukitoka bila kuelewa utateseka zaidi huko unakoenda. Chukua daftari lako usiku, tafuta swali moja lililokushinda, lifanye tena mpaka pale unapokwama, piga mstari hapo kwa penseli. Kesho kipindi kikiisha mfuate mwalimu akiwa peke yake, mwonyeshe, umwambie "mwalimu, mpaka hapa naelewa, kuanzia mstari huu napotea." Akishakuelekeza, hapohapo muulize nikifanya nini nitahamia kundi lingine, na ni lini, akutajie siku.