Kabla hujashika msasa

Gari la kwanza nililokabidhiwa peke yangu lilikuwa Volkswagen kobe ya 1963. Nilipiga msasa siku mbili mpaka bati likawa jeupe. Siku ya tatu mwenye gari akapita gereji akaniuliza: "Mwanangu, rangi yake ya kiwandani ilikuwa ipi?" Nilikuwa nimeikwangua yote. Baadaye tulikuja kuiona nyuma ya spidomita, kipande kisichozidi kidole, mahali mkono wangu haukufika.

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi ya kurudisha magari ya zamani yalivyozaliwa, wiki ya kwanza shika simu ya kupigia picha na daftari tu. Kila waya, kila klipu, kila nati piga picha kabla ya kufungua. Nati kuukuu usitupe. Tia kwenye kopo, andika ilikotoka.

Kisha soma namba. Ya chesisi imegongwa kwenye uti wa katikati ya sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Ya injini iko chini ya kikalio cha dinamo. Kadi ya gari peke yake usiiamini, maana kobe nyingi zimeshabadilishwa injini. Kumbuka pia kwamba miaka hiyo mwaka wa modeli wa Volkswagen ulianza Agosti: gari lililotoka kiwandani Oktoba 1962 ni modeli ya 1963. Agosti 1964 madirisha yalipanuliwa. Agosti 1967 kobe za 1300 na 1500 zikapata bampa nene zilizonyooka, taa za mbele zilizosimama wima na umeme wa volti 12. Ukikuta bampa hiyo kwenye gari la 1963, jua kuna fundi aliyepita. Simlaumu. Yeye aliambiwa gari litembee kesho asubuhi. Wewe umeambiwa lirudi lilivyozaliwa, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Makumbusho ya Volkswagen kule Wolfsburg, mji wa kiwanda chake Ujerumani, hutoa cheti kinachoonyesha tarehe ya kutengenezwa na rangi ya kwanza. Mwambie mwenye gari akiagize mapema, kabla hujanunua hata kopo moja la rangi.

Vipuri navyo husema. Ukiwa kwa wauza vipuri wa Shaurimoyo, Kariakoo, Dar es Salaam, futa tope usome namba kabla ya kutoa hela. Tarakimu tatu za mwanzo, 111 au 113, zinakuambia kipuri kilibuniwa kwa ajili ya kobe. Tarakimu ya nne ni kundi lake: 1 injini, 3 giaboksi, 8 bodi, 9 umeme. Muuzaji atakuapia kwamba "hii inaingia bila shida." Kuingia itaingia, lakini kuingia si kuwa ya gari hilo.

Sisi wa pwani adui yetu ni kutu. Betri ya kobe hukaa chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, na tindikali yake hula sakafu taratibu bila mtu kujua. Kabla ya kukata kizingiti cha chini ya mlango kilichooza, chomelea mabomba ya kushikilia matundu ya milango. Niliwahi kuona gari lililochomelewa sakafu kwa ustadi wa kupendeza, ila milango ikawa haifungi tena.

Kingine ni kung'arisha kupita kiasi, na hapa hata mafundi wakubwa huanguka. Mabati ya kupozea injini yalipakwa rangi nyeusi, si kromu. Rangi ya kiwandani haikuwa kioo cha kujitazamia, hasa sehemu za chini zisizoonekana. Ukilifanya gari lipendeze kuliko lilivyotoka Wolfsburg, umetengeneza gari lako mwenyewe.

Volti 6, umeme wa kobe za zamani kama hiyo ya 1963, ndizo huleta ugomvi. Taa zake ni hafifu, na kuna wateja wanaotaka uhalisi lakini wanasafiri usiku. Mimi huwaambia waziwazi, na wakisisitiza nawafungia za 12 bila kukata waya wa zamani. Dinamo ya mwanzo naipaka grisi, naifunga kwenye gunia, naikabidhi pamoja na ufunguo.