Umekabidhiwa ofisi ya kikundi cha sanaa? Anza na daftari la fedha

Wengi wetu tunaoongoza asasi za sanaa hapa Bagamoyo tulipewa cheo kwa sababu tulipiga ngoma vizuri, tuliigiza vizuri, au tulikuwepo siku kikundi kinaanzishwa. Chuo cha Sanaa kilianza 1981, siku hizi kinaitwa TaSUBa, na baadhi ya waliopita pale walibaki mjini wakaunda vikundi vyao. Kuwamba ngozi nilijua nikiwa mtoto. Kusoma hesabu za asasi nilijifunza nikiwa mkurugenzi wa mwaka wa tatu, tena kwa aibu.

Aibu yenyewe ni hii. Tulipata ruzuku ya kufundisha ngoma katika shule za msingi, fedha zikaingia kwa mkupuo. Wakati huohuo tulikuwa tunadaiwa kodi ya miezi minne, na wapigaji walikuwa wanadai posho ya onyesho la hotelini ambalo mwenye hoteli hajalipa. Nikachota kwenye fungu la shule, nikijiambia hoteli ikilipa narudisha. Hoteli haikulipa. Mfadhili alipotuma mtu kuja kuangalia, ngoma kumi na mbili za kwenye andiko la kuombea ruzuku zilikuwa tano, na mbili kati ya hizo ni za zamani tulizozipaka mafuta. Mimi sikula hata senti, lakini hebu jaribu kumweleza mkaguzi hivyo.

Baadaye nilipata nafasi kwenye mafunzo ya uongozi ya wakurugenzi wa asasi za sanaa, siku tano. Mengi nimeyasahau: dira, dhamira, mishale na maduara ukutani. Swali moja sijalisahau. Mkufunzi aligawa karatasi akauliza: mfadhili wenu mkubwa akijitoa leo, mtafunga mlango lini? Nikajibu bila kufikiri, mwaka mmoja. Akasema, piga hesabu.

Hesabu yenyewe haihitaji kompyuta. Andika kilichopo benki leo. Sisi tulikuwa na 9,400,000. Toa fedha ambazo mkataba umeshazipangia kazi, 7,100,000. Toa madeni, 1,300,000. Kinachobaki, milioni moja, ndicho chenu kweli. Kigawe kwa matumizi ya mwezi: kodi, umeme, mlinzi, mhasibu, na wewe mwenyewe. Yetu yalikuwa milioni mbili. Maana yake tulikuwa na uhai wa wiki mbili, na nilikuwa nimeahidi ziara ya mikoa mitatu. Mwenzangu aliyetoka Tanga jibu lake lilikuja chini ya sifuri. Akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni bila kusema neno.

Usidhani haya ni ya vikundi vidogo tu. Sauti za Busara ya Zanzibar, tamasha linalofanyika tangu 2004 na kujulikana hata ng'ambo, halikufanyika 2016 kwa sababu fedha hazikutosha. Waandaaji walitangaza mapema, na 2017 tamasha likarudi. Kwangu mimi huo ni uongozi kuliko kufungua jukwaa kwa fedha za kukopa halafu wasanii wakakimbizana na wewe mjini.

Na sisi hatutangazi mapema kwa sababu tunaiogopa bodi, au hatuna bodi. Tuna shemeji, mzee wa mtaa na rafiki anayesaini mihutasari. Mkishasajiliwa kama asasi chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, Msajili anataka taarifa ya kila mwaka pamoja na hesabu. Cheti cha BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, hakikuondolei hilo.

Niliporudi kutoka mafunzoni nilikwenda kwa mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu. Nilimkuta barazani.

"Shikamoo Mwalimu. Tuna wiki mbili."

"Marahaba. Wiki mbili za nini, mwanangu?"

"Za kuishi."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Ramadhani tulikaa hapahapa tukafuturu pamoja. Mbona hukusema?"

Kumbe Mwalimu ndiye aliyemfundisha meneja wa ile hoteli darasa la sita. Alimpigia simu palepale, na ndani ya juma nusu ya deni ikalipwa. Mimi nilikuwa nimepeleka ankara miezi mitano.

Kozi za ng'ambo zipo, na ukipata ufadhili nenda. Uingereza wana Clore Leadership, Marekani wana taasisi iliyojulikana kwa jina la DeVos Institute, iliyoanzia Kennedy Center, jumba la sanaa kule Washington. Hao wa Marekani husisitiza mzunguko: fanya kazi nzuri, itangaze bila haya, kusanya watu wanaoipenda, wao ndio watakaoleta fedha za kazi inayofuata. Mzunguko huo naukubali, ila huku wanaotupenda mara nyingi hawatoi hundi. Wanatoa gunia la mchele, uwanja wa mazoezi, gari la kubebea ngoma. Viandike vyote kwenye daftari pamoja na thamani yake. Mfadhili anayeuliza mchango wenu wenyewe ni upi, mwonyeshe ukurasa huo. Sisi tulikuwa tunajibu "hatuna" miaka yote.

Ukichagua mafunzo, ya hapa au ya mbali, uliza kama mnaruhusiwa kwenda wawili. Nenda na mhasibu, maana ukirudi peke yako na maneno mapya atakuona umepagawa. Beba hesabu zenu halisi, zile mbaya. Uliza pia kama mkufunzi atawafuatilia baada ya miezi sita, au cheti kinatolewa Ijumaa na biashara imeisha.

Nauli ya kwenda huko itoke kwenye fedha za uendeshaji. Kama hazipo, andika barua uombe nafasi ya bure. Fungu la shule usiliguse.