Maswali yenu kuhusu kutafuta dhahabu: karai, ditekta na dreja

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wanaotafuta dhahabu kwa mapenzi tu, siku za mapumziko, si kwa kuajiriwa wala kwa mgodi. Nimechukua yale yanayojirudia, pamoja na moja la zebaki ambalo halifai kusubiri.

Nina uwezo wa kununua kifaa kimoja tu. Ninunue ditekta au dreja ndogo?

Nunua karai la kusafishia mchanga kwanza. Ongeza chekecheo, koleo dogo na sumaku, halafu pesa iliyobaki iache ikae.

Ditekta, mashine inayolia ikipita juu ya metali iliyozikwa, na dreja, mashine inayonyonya kokoto kutoka sakafu ya mto, zote ni za kutoa dhahabu mahali ilipo. Karai ndilo linalokuambia iko wapi. Ukichota mchanga sehemu mbalimbali za kijito kimoja, ukausafisha na kuandika kila sehemu imetoa nini, jioni utajua ni upande upi unastahili jasho lako. Asiyefanya hivyo atazunguka na mashine ya gharama kubwa juu ya kokoto tupu, na nasikitika kila ninapoona mtu anaacha kazi hii nzuri kwa sababu hiyo.

Baada ya hapo dhahabu yenyewe itakuchagulia mashine. Kama karai linatoa unga na vichembe vyembamba, ditekta haitakufaa, kwa sababu haisikii unga hata ukiwa mwingi. Inahitaji kipande kizima, na hata mashine nzuri huanza kuhangaika kikiwa chini ya sehemu ya kumi ya gramu, yaani kitu kisichozidi milimita 2 kila upande. Unga ni kazi ya maji: karai, au kisanduku cha kusafishia chenye vizuizi vya kunasa dhahabu. Lakini ukianza kupata vipande vyenye kingo za kukwaruza, ambavyo havijalainishwa na maji, basi mwamba ulikotoka hauko mbali. Panda kilimani ukafuate kule. Hapo ditekta inalipa.

Dreja iwe ya mwisho kabisa. Sababu ziko chini.

Ditekta yangu inapiga kelele kila hatua kwenye udongo mwekundu. Imeharibika?

Haijaharibika. Wekundu huo ni chuma, na mashine yako inausikia udongo wenyewe.

Ditekta za kutafutia dhahabu ziko za aina kuu mbili. Ya kwanza hutuma mawimbi mfululizo huku ikisikiliza. Nyingi za dhahabu hutumia mawimbi ya masafa ya juu kuliko zile za kutafutia sarafu, ndiyo maana zinasikia vipande vidogo sana, lakini udongo wenye chuma huzisumbua mno. Ya pili hutuma mpigo mfupi, inanyamaza, kisha inasikiliza jinsi mwangwi wa umeme unavyofifia ardhini. Hiyo huvumilia udongo mbaya na hufika chini zaidi kwa vipande vikubwa. Upungufu wake ni kwamba haijui vizuri kutofautisha msumari na dhahabu, kwa hiyo utachimba sana.

Kama yako ni ya aina ya kwanza, usiitupe. Tafuta sehemu isiyo na chuma chochote kilichozikwa, shusha na kuinua koili, ile sahani ya chini ya mashine, juu ya udongo, na rekebisha usawazisho wa ardhi (mpangilio unaoifanya mashine isiusikie udongo) mpaka sauti isibadilike koili inapopanda na kushuka. Rudia kila udongo unapobadilika rangi. Halafu punguza usikivu. Wengi hawataki kusikia hili, wanadhani wakipunguza watakosa dhahabu, lakini mashine iliyotulia kwenye usikivu wa kati husikia zaidi kuliko inayopiga kelele muda wote. Tembeza koili polepole, ikikaribia kugusa ardhi, na kila mpito ufunike sehemu ya uliotangulia. Vaa hedifoni. Kipande kidogo hakipigi kelele. Hukwaruza sauti kidogo tu, na upepo unatosha kuifunika.

Ukipata mlio, chimba pembeni yake, kisha pitisha koili juu ya shimo. Shimo likinyamaza, kitu kiko kwenye lundo la udongo ulioutoa. Chota kwa kijiko cha plastiki, cha chuma hakifai kwa sababu chenyewe kitalia, na upitishe kijiko mbele ya koili. Kikilia, mwaga nusu, jaribu tena. Endelea kugawa mpaka ubaki na kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Sasa dondosha chembechembe hizo kidogokidogo juu ya koili yenyewe: ile inayofanya sauti iruke inapotua ndiyo uliyokuwa unaitafuta. Inaweza kuwa kijiwe chenye chuma. Inaweza kuwa risasi ya bunduki. Lakini usikubali kuiacha kwa sababu mashine imesema "chuma", maana kwenye udongo wa namna hii dhahabu ndogo husomeka kama chuma mara nyingi. Chimba yote, beba takataka zako, na fukia shimo.

Mtoni nianze wapi?

Swali hili nalipenda kuliko yote, maana ukilielewa utaona mto kwa macho mengine.

Dhahabu safi ina uzito wa mara 19.3 ya maji ya ujazo huohuo. Mchanga wa kawaida, ambao mwingi ni kwatzi (jiwe gumu, jeupe mara nyingi), ni mara 2.65 hivi. Kwa hiyo maji yanayobeba mchanga bila shida hayawezi kuibeba dhahabu mbali. Mafuriko ndiyo yanayoihamisha, na kila mahali nguvu ya mafuriko inapopungua, dhahabu hutua ya kwanza. Tazama upande wa ndani wa kona, hasa pale fungu la kokoto linapoanzia upande wa juu wa mto. Tazama nyuma ya jiwe kubwa, upande maji yanakoelekea. Tazama mahali mto uliobanwa unapopanuka ghafla. Halafu chora mstari kichwani kutoka kona moja ya ndani hadi nyingine: dhahabu hupenda kupita njia fupi, wala haisambai mto mzima.

Kisha shuka chini. Dhahabu huendelea kuzama kati ya kokoto mpaka igonge kitu kisichopitika, iwe mwamba au tabaka la udongo wa mfinyanzi. Kukwangua mchanga wa juu kutwa nzima ni kuchosha mikono tu. Nyufa za mwamba zinazokatiza mkondo ndizo mitego mizuri kuliko yote, na inabidi uzisafishe hadi mwisho: bisibisi iliyopindwa ncha, brashi, kijiko kirefu. Mchanga ulioshindiliwa kwenye sakafu ya ufa, ule mgumu kutoka, ndio wenye mali. Mizizi ya nyasi na ile mimea laini ya kijani inayofunika mawe kwenye kingo hunasa unga wakati wa mafuriko, nayo isuuze ndani ya ndoo.

Tumia vitu vizito vingine kama viongozi. Ukiona mchanga mweusi umejikusanya, misumari yenye kutu, vipande vya risasi, simama hapo. Maji yaliyoangusha hivyo yameangusha na dhahabu, kama ipo. Na usidharau kokoto za mviringo zilizo juu kabisa ya kingo, mbali na maji. Hapo mto ulipita zamani.

Ukifika hatua ya mwisho ya karai, usiharakishe. Weka maji machache, tone moja la sabuni ya vyombo ili unga mwembamba usielee juu, inamisha karai na lizungushe taratibu. Mchanga mweusi utajivuta kama mkia na dhahabu itabaki nyuma, imekaa palepale. Ukishaona hivyo, hutahitaji mtu kukueleza tena.

Nitajuaje kama ni dhahabu kweli?

Ipeleke kivulini. Dhahabu ina rangi ileile kivulini na juani; ulanga, madini yanayometameta, hung'aa ukigeuka upande mmoja na kupotea ukigeuka mwingine. Kisha ibonyeze kwa ncha ya sindano. Dhahabu ni laini, itabonyea au kulala bapa. Pairiti, madini ya njano yanayofanana na dhahabu, ni ngumu na hupasuka, na ukiisaga unga wake ni mweusi wenye ukijani. Ulanga hubanduka kama maganda na maji huubeba kirahisi.

Dreja inafanyaje kazi, na kwa nini watu wanaiogopa?

Injini ndogo inaendesha pampu. Pampu inasukuma maji kwa nguvu kupitia tundu jembamba ndani ya bomba, na mkondo huo unavuta maji mengine nyuma yake, hivyo mdomo wa bomba unanyonya kokoto kutoka sakafu ya mto. Kokoto hupita juu ya kisanduku chenye vizuizi kinachoelea, nzito hubaki, nyepesi hurudi mtoni. Zile za kujifurahisha huwa na bomba la inchi 2 hadi 4 au zaidi kidogo, na mdomo hufungwa pete nyembamba kuliko bomba ili jiwe lisikwame katikati.

Hatari kubwa haiko kwenye mashine. Iko juu ya kichwa chako. Ukinyonya kokoto unachimba shimo chini ya maji, na mawe makubwa ya pembeni yanabaki hayana kitu cha kuyashikilia. Jiwe moja likiteleza likakulalia mguu, hutaweza kulitoa peke yako. Yaondoe mawe kuanzia juu, peleka nyuma yako, na usiingie kabisa kama hakuna mwenzako ukingoni. Kama unavuta hewa kwa bomba kutoka juu, mdomo wa kuingiza hewa uwe mbali na moshi wa injini na upande upepo unakotokea. Gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi huo yenyewe haina harufu ya kukuonya. Na maji baridi hulegeza mikono na akili kabla hujajua.

Halafu kuna mto wenyewe. Dreja hutifua tope, na tope hufunika mayai ya samaki yaliyotagwa kwenye kokoto. Jimbo la California, ambako dreja za kujifurahisha zilikuwa nyingi, lilizisimamisha mwaka 2009, na zebaki iliyolala kwenye matope tangu enzi za machimbo ya karne ya 19 ilikuwa mojawapo ya hoja. Naunga mkono tahadhari hiyo. Kama sheria ya mahali ulipo inaruhusu dreja, fuata msimu uliowekwa, usiguse kingo, na sawazisha shimo kabla ya kuondoka.

Je, lazima niwe na kibali hata kwa karai tu?

Uliza kabla ya kuchimba. Nchi nyingi zinahesabu madini kuwa mali ya serikali hata yakiwa chini ya shamba lako, na ruhusa ya mwenye ardhi ni jambo la pili tofauti. Utaratibu hutofautiana sana: jimbo la Victoria, Australia, hutoa kibali cha miaka 10 kwa mtu binafsi, kinachoruhusu ditekta na zana za mkono lakini si mashine za kuchimbia. New Zealand ina maeneo ya umma yaliyotengwa ambapo yeyote anaruhusiwa kutafuta, mradi asitumie injini. Maeneo ya kale na hifadhi usiyaguse.

Shikamoo mzee. Nimepata vichembe vizito vyenye rangi ya fedha, ukivikwaruza ndani ni vya njano. Rafiki yangu anasema nivichome tu kwenye kikaango, rangi itatoka.

Marahaba, mwanangu. Usivichome. Nakuomba sana.

Hiyo ni dhahabu iliyogusana na zebaki, pengine iliyoachwa mtoni na wachimbaji wa zamani. Ukiipasha moto, zebaki hugeuka mvuke usioonekana, unaingia mapafuni na kufika kwenye ubongo na figo. Aliye jikoni nawe anauvuta pia, na mtoto aliye tumboni huumia zaidi. Mvuke unaobaki hutua ukutani na kwenye vyombo, ukaendelea kutoka siku nyingi baadaye. Viweke kwenye chupa inayofunga vizuri, vifunike kwa maji, uandike nje kilichomo, na vikabidhi kwa msafishaji wa dhahabu mwenye chombo cha kunasa mvuke.

Wala usinunue zebaki ili kunasa unga. Ikimwagika mtoni, vijidudu vya kwenye tope huigeuza kuwa sumu kali zaidi inayojilimbikiza kwenye samaki. Sumu ya namna hiyo, iliyotoka kiwandani, ndiyo iliyowalemaza na kuwaua watu wa Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1956, na mkataba wa kimataifa wa 2013 wa kudhibiti zebaki ukapewa jina la mji huo. Karai na uvumilivu vinatosha kwa mtu anayetafuta kwa mapenzi.

Mapande makubwa bado yapo, au wa zamani wameyamaliza?

Mwaka 1869 huko Moliagul, Victoria, John Deason na Richard Oates walikuta pande la zaidi ya kilo 70 za dhahabu, sentimita chache tu chini ya udongo, karibu na mzizi wa mti. Wachimbaji walilipita eneo hilo miaka mingi. Miaka 111 baadaye, katika jimbo hilohilo, karibu na Kingower, Kevin Hillier alipata kwa ditekta pande la kilo 27 lililokuwa kwenye kina cha sentimita 30 hivi. Linaitwa Hand of Faith.

Hayo ni nadra, na sitakuambia utoke nyumbani ukiyategemea. Lakini yanaonyesha kwamba ardhi iliyopitiwa haijaisha. Nenda palipowahi kutoa dhahabu: kingo za machimbo ya zamani, malundo ya udongo yaliyotupwa, vijibonde chini ya mishipa ya kwatzi. Ukipata kipande kimoja, usiondoke hapo, maana vipande huwa na wenzake. Weka alama, pita eneo hilo kwa mistari iliyobanana, kisha lipite tena ukikatiza mistari ya kwanza, kwa koili ndogo kama unayo. Pale kibali kinaporuhusu, kwangua sentimita chache za juu na usikilize upya.